Stebilaiza ya Pikapu: Kazi Yake, Mipaka Yake, na Namna ya Kuifunga Nyumbani

Aliyepata kusafiri kutoka Chake Chake kwenda Wete kwa barabara ya zamani, akapanda na kushuka vilima vile vilivyojaa mikarafuu na minazi, akazungushwa kona baada ya kona mpaka asitambue tena bahari iko upande gani, hahitaji kuelezwa maana ya gari kulala upande. Kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa kale walikiita Al-Khadra kwa ukijani wake, kina urefu wa kilomita zipatazo 67 tu, walakini katika udogo huo ardhi yake imekunjwakunjwa mabonde na miinuko isiyo na idadi, na barabara zake aghlabu zilitii mikunjo hiyo badala ya kuikata. Ukiongeza hapo utelezi wa masika, na magunia ya karafuu wakati wa msimu, na wachumaji waliokaa juu ya magunia hayo, utafahamu kwa nini mwenye pikapu wa huku hutamani kuifungia gari yake kile chuma cha kuizuia isilale, ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Kazi yenyewe yaweza kufanyika uani kwa mtu, kwa zana za kawaida na msaidizi mmoja. Lakini sharti kwanza ajue chuma hicho kinafanya nini, na kipi hakikiwezi.

Kwa umbo, stebilaiza ni ufito wa chuma cha springi uliopindwa ncha zake mbili, ukawa na kiwiliwili kirefu kinacholala kwa mapana ya gari, na mikono miwili iliyoelekea mbele au nyuma. Kiwiliwili hushikwa na bushi mbili, na kila mkono huungwa kwa kijiti kifupi kiitwacho linki. Katika pikapu, mara nyingi kiwiliwili hufungwa kwenye ekseli ya nyuma na linki zikapanda kwenye chasisi. Wako watengenezaji wanaougeuza mpango huo, na hesabu haibadiliki. Tairi zote mbili zikipanda pamoja, mathalani gari ipitapo juu ya tuta, mikono huinuka sawia, ufito huzunguka ndani ya bushi zake bila ya kazi yoyote, na abiria hatambui kuwa upo. Gari ikiingia kona, na bodi ikaanza kuelemea nje, springi ya nje hujikunja ilhali ya ndani yatanuka, mkono mmoja husukumwa juu na wa pili huvutwa chini, na ufito husokotwa. Na kwa kuwa chuma cha springi hakikubali kusokotwa ila kwa nguvu, nguvu hiyo huirudia bodi na kuizuia isizidi kulala. Hataza ya mwanzo ya chombo hiki alipewa Stephen Coleman, mtu wa Fredericton katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, tarehe 22 Aprili 1919, na muradi wake haujabadilika tangu siku hiyo.

Katika kununua, jambo linalowapita wengi ni unene. Ugumu wa ufito haufuati kipenyo chake tu, bali hufuata kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha nne, yaani kilichozidishwa kwa nafsi yake mara nne. Ufito wa milimita 22 ukiwekwa kando ya ule wa milimita 19, jicho huona tafauti ndogo isiyostahili maneno. Lakini ukipiga hesabu, mikono ikiwa ya urefu mmoja, ule mnene umezidi ugumu kwa asilimia 80 hivi, na wa milimita 25 ni mgumu kiasi cha mara tatu ya ule wa 19. Kwa hivyo muuzaji anapokwambia kwamba huu ni mnene kidogo, hilo neno kidogo lina uzito mkubwa.

Wala si kweli kwamba uliokaza zaidi ndio bora zaidi. Pikapu nyingi za Kijapani zenye springi za mabamba nyuma hutoka kiwandani bila ya stebilaiza ya nyuma, na jambo hili halikusahauliwa na wahandisi wake. Ukiikaza sehemu ya nyuma peke yake, sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama katika kona huangukia tairi ya nyuma iliyo upande wa nje, ikachoka kushika barabara kabla ya zile za mbele. Na gari isiyo na mzigo, ambayo nyuma yake ni nyepesi, ikiwa juu ya lami iliyorowa, mkia wake hutoka njiani ghafula kabla dereva hajapata hata wasaa wa kuzungusha usukani. Kwa gari inayokwenda Mkoani asubuhi imejaa na kurudi adhuhuri tupu, mimi naona ufito wa wastani ndio wenye insafu. Kampuni kama Whiteline ya Australia na Hellwig ya Marekani hutengeneza fito za namna hii kwa modeli maalumu, zikiwa na vifungo vyake kamili, na ni aula kununua iliyokusudiwa gari yako hasa kuliko kuchukua ya gari nyingine ukailazimisha kwa moto na nyundo, maana chuma cha springi kilichopashwa moto ovyo hupoteza tabia yake na hukatika siku usiyoitarajia.

Hapa ndipo panapohitaji kusimamwa zaidi kuliko penginepo pote, kwa sababu ni roho za watu. Stebilaiza hupunguza kulala kwa bodi. Haiteremshi kitovu cha uzito. Chukua gari ambayo baina ya tairi ya kushoto na ya kulia mna mita 1.4, na kitovu cha uzito wake kiko mita 0.7 juu ya ardhi: ili ipinduke kwenye uwanja tambarare, nguvu ya kuisukuma pembeni sharti ifikie uzito wake mzima, na aghlabu tairi zitateleza kabla ya kufika huko. Sasa pakia magunia mpaka juu ya kabini, uweke na watu juu yake, kitovu kikapanda hadi mita 1.1: nguvu inayotosha kuipindua imeshuka ikawa chini kidogo ya thuluthi mbili za uzito huo. Katika hesabu hiyo mna mapana ya gari na kimo cha mzigo, na unene wa ufito haumo. Ni kweli kwamba bodi isiyolala sana hukizuia kitovu kisisogee nje, na faida hiyo ipo, lakini ni ndogo mno. Manahodha wa majahazi ya pwani hii walilijua jambo hili kabla ya gari ya kwanza kuteremshwa kisiwani, ndiyo maana farumi na shehena thakili hupangwa ngamani, wala hapana nahodha anayetegemea unene wa mlingoti kumwokoa na mzigo uliopangwa juu. Tena kuna khatari nyingine iliyojificha: kule kulala kwa gari kulikuwa kukimwonya dereva, naye akipunguza mwendo; onyo likiondoka na mzigo ukabaki pale pale, hufika ukingoni mwa maangamizi akijiona yu salama. Ndugu mwenye gari, ukishaifunga, mweleze hayo dereva wako na utingo wake kabla ya kuwapa funguo.

Kabla ya kutoa pesa, chungulia chini ya gari uliyonayo. Shokapu iliyovuja mafuta, bushi za springi zilizokatika, bamba la springi lililovunjika katikati ya wenzake, na bushi za stebilaiza ya mbele zilizoliwa mpaka ufito unachezacheza, kila moja katika hizo yatosha kuilaza gari, na kuongeza chuma kipya juu ya maradhi hayo ni kuyafunika. Mara nyingi bushi mpya za mbele, ambazo bei yake ni ndogo, humrudishia mtu nusu ya alichokuwa anakitafuta.

Sasa tuingie kazini. Tafuta mahali tambarare na pagumu; ua wa mchanga haufai ila uweke ubao mpana chini ya jeki. Ziwekee kabari tairi za mbele, kaza breki ya mkono, na ikiwa pikapu yako imeinuka kiasi cha mtu kupenya chini yake, iache isimame juu ya tairi zake nne, maana hivyo ndivyo ekseli inavyokaa mahali pake pa kazi. Ikibidi kuinua, inua pande zote mbili sawasawa, uegemeze ekseli juu ya stendi za chuma; jeki peke yake si dhamana ya uhai wa mtu, na lile tofali la saruji lenye matundu, ambalo huonekana imara mno, hupasuka mara moja bila ya kutoa ishara. Hukumu hii ya kuinua pande zote mbili ina sababu ya pili: ufito ulio upande mmoja juu na mmoja chini umeshasokotwa, na bolti ikichomolewa katika hali hiyo mkono wake huruka kwa nguvu ya kuvunja vidole.

Usiku wa kuamkia kazi, sugua kwa brashi ya chuma kila nati utakayoigusa na uitie mafuta ya kupenyeza kutu. Hewa ya huku ina chumvi, na gari nyingi zimevuka bahari, na nati iliyokaa miaka juu ya chasisi ya Pemba huwa imeshikana na bolti yake hata spana huizungusha bolti nzima ikakatika. Asubuhi shika kurunzi, ulale chini, utazame ekseli kwa utulivu kabla ya kufunga chochote. Utaliona bomba jembamba la breki, unene wake hauzidi wa kalamu, likitambaa juu ya ekseli. Kifungo cha stebilaiza kikiwekwa juu yake na kukazwa hulibana, na breki ya tairi moja ikapotea. Utauona mpira wa breki unaoning'inia kutoka chasisi, na waya wa breki ya mkono, na bomba la moshi, na tairi ya akiba. Na katika pikapu nyingi utakiona kijiti kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali inayogawa nguvu ya breki kwa kadiri ya mzigo. Kijiti hicho kisipindwe wala kisihamishwe, maana ndicho kinachoiambia breki kwamba gari imepakia.

Ufito uinuliwe na watu wawili, ushikizwe kwenye ekseli kwa yubolti zake, nati ziingizwe kwa mkono tu bila ya kukazwa. Bushi za mpira wa asili zisipakwe grisi ya kawaida, kwani mafuta ya petroli huuvimbisha na kuulainisha mpira mpaka ukaoza. Maji ya sabuni yatosha kuziteleza. Zile za poliyurethani hutaka grisi yake maalumu ya silikoni, na zikifungwa kavu zitalia katika kila tuta baina ya Mtambile na Chake Chake. Kisha pima ufito mpaka uwe katikati barabara, masafa ya kushoto na ya kulia yawe sawa.

Linki hufungwa kwenye chasisi kwa matundu yaliyopo. Pasipokuwa na matundu, na ikalazimu kutoboa, tundu litobolewe kwenye uso wa wima wa chasisi, mbali na kingo zake za juu na chini, maana kingo hizo ndizo zinazobeba mkazo mkubwa wa mzigo, na tundu hapo ni mwanzo wa ufa. Toboa kwa keekee ndogo kwanza, upanue taratibu, ulainishe ukingo kwa tupa, na kabla ya bolti kuingia upake rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu lenyewe. Kuchomelea sikushauri: moto hubadilisha chuma cha chasisi pembeni mwa mshono, na hapo ndipo kinapokuja kupasuka. Linki zikishafungwa zisimame wima, na mikono ya ufito ikaribie kulala sawa na ardhi.

Nati zikazwe mwisho kabisa, gari ikiwa imebeba uzito wake juu ya tairi zake zote, kwani bushi iliyokazwa ekseli ikining'inia huwa imesokotwa daima gari inaposimama, na haidumu. Vipimo vya kukazia vimo katika karatasi ya mtengenezaji kwa newton-mita, na spana ya toki ndiyo mizani yake. Makisio ya mkono huzidi kwa fundi mwenye nguvu na hupungua kwa mchovu. Ukimaliza, pandisha tairi moja ya nyuma polepole juu ya ubao mnene, uzime gari, uweke kabari, utazame tena kwa kurunzi kama mkono unagusa mpira wa breki au bomba la moshi. Ukiona kugusana leo, bora urudi nyuma leo.

Mwenye gari inayoingia kila siku katika njia za mashamba, zile zilizochimbwa na maji mpaka tairi moja iko bondeni na nyingine juu ya mzizi, atambue kwamba ufito huu huzifunga tairi mbili kauli moja, na ile iliyo bondeni hainyooshi mguu wake kama zamani. Yaweza kuelea na kuzunguka bure. Kwake yeye huenda springi nzima na shokapu njema zikamfaa zaidi kuliko stebilaiza, au, ikiwa njia hizo huziingia msimu wa karafuu tu, afungue linki msimu unapoanza na kuzirudisha unapokwisha, jambo ambalo ni la bolti mbili tu.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo kaza tena nati zote, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa chini ya wosha husagika na kuacha nafasi. Kisha kagua kabla ya kila masika na baada yake: bushi zilizopasuka, ufa katika mipindo ya ufito, na linki inayogonga unapopita kwa upole kwenye mashimo, ambayo hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Mafundi waangalifu hupiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaokata juu ya nati na kushukia kwenye bati lake, ili yeyote atakayeinama chini ya gari, hata utingo asiyejua spana, akiuona mstari umeachana ajue nati imezunguka, na amwite fundi kabla ya safari.