Kiwavi wa Mlimau na Somo la Sayansi Nyumbani

Mwaka 1660, mjini Frankfurt, msichana wa miaka 13 aitwaye Maria Sibylla Merian alianza kufuga viwavi wa hariri. Sayansi hakufundishwa darasani. Alilelewa katika karakana ya baba yake wa kambo, aliyekuwa mchoraji. Aliwalisha viwavi wake, akawatazama, akawachora na kuandika alichokiona. Mwaka 1679 alichapisha kitabu kuhusu viwavi, na mwaka 1699 akavuka bahari hadi Suriname kuwachunguza wadudu wa huko.

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, wakitafuta mradi wa sayansi, aghalabu huwaza sungura au kuku. Si wazo baya, ila banda lina gharama, na mtoto anaweza kumaliza muhula akiwa amejifunza kufagia tu. Mdudu huonyesha mengi kwa muda mfupi. Na kwa Afrika Mashariki, mdudu wa kuanzia ni kiwavi wa mlimau.

Mama yake ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Hutaga yai mojamoja, dogo na la mviringo, juu ya majani machanga ya mlimau, mdimu au mchungwa. Kiwavi anayeanguliwa ana weusi na weupe unaomlinda, kwani ndege humdhania kinyesi cha ndege mwenzao. Akikua hubadilika kuwa wa kijani. Mtoto akimgusa, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hazidhuru, ni silaha ya kutisha tu. Viwavi wenye manyoya ni jambo jingine: hao huwasha, wasishikwe.

Vifaa ni chupa pana ya plastiki, kitambaa chepesi cha kufunika na tawi lililochomekwa kwenye kichupa cha maji. Mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba, la sivyo kiwavi atatumbukia. Kitambaa kisiwe kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa inayoua mbu haimbagui kiwavi, na vivyo hivyo majani ya shamba lililopuliziwa dawa.

Kufuga peke yake hakujawa sayansi. Sayansi huanza pale mtoto anapochukua rula na daftari: urefu wa leo, idadi ya majani yaliyoliwa, siku ambayo ngozi ilivuliwa. Kiwavi huyu huvua ngozi mara kadhaa kabla ya kujining'iniza na kuwa pupa. Mtoto mkubwa aweke chupa mbili, moja chumba chenye joto na nyingine penye ubaridi, ahesabu siku za kila moja. Mwingine aweke jani la mwembe kando ya jani la mlimau, aone lipi linaliwa. Mzazi asimpe jibu mapema. Wazazi wengi hapo ndipo wanapoharibu somo.

Baada ya wiki mbili au tatu hivi za kuwa pupa, kipepeo hutoka, mbawa zikiwa zimekunjamana. Huzijaza majimaji ya mwili wake hadi zinyooke, kisha husubiri zikauke. Asisaidiwe, maana mbawa zilizovutwa hazinyooki tena. Matone ya rangi yanayoanguka chini si damu, ni uchafu uliokusanyika alipokuwa pupa.

Wakati mwingine hatoki kipepeo. Pupa hutoboka na wakatoka nyigu wadogo, ambao mama yao alitaga mayai ndani yake. Mtoto atalia, na mzazi atatamani kuitupa chupa. Afadhali daftari lifunguliwe, kwa kuwa hili ndilo somo zito kuliko yote: nyigu hao ni miongoni mwa wanaozuia viwavi kumaliza miche ya michungwa. Merian naye aliyaona mambo ya namna hii kwa pupa zake, akayachora.

Kwa wengine ufugaji huu ni riziki. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 hununua pupa kutoka kwa wanakijiji na kuziuza kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Husafirishwa zikiwa pupa kwa sababu katika hatua hiyo mdudu hali wala haruki.

Anayetaka kuanza atafute mlimau usiopuliziwa dawa, ageuze majani machanga asubuhi, na achukue viwavi wawili au watatu tu. Vipepeo wakishatoka na mbawa kukauka, waachiwe mchana, karibu na mti uleule.