Betri ya Lithiamu Inapokataa Kuwaka

Chini ya Milima ya Vidunda, katika bonde la Ruaha Mkuu, kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na kufikia mwaka 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Umeme huo ulisafirishwa kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ilhali mkulima wa mlimani aliendelea kwa miaka mingi kuwasha koroboi. Hata leo, kwa nyumba na zahanati zilizo mbali na nguzo, jua ndilo linalotegemewa, na mahali pa betri nzito za risasi na asidi panachukuliwa na betri nyepesi za lithiamu.

Betri hizi zina tabia moja inayowashangaza hata mafundi wa siku nyingi. Na ichukuliwe mfano wa zahanati ya mlimani wakati wa masika. Ukungu umekaa siku sita. Asubuhi ya siku ya saba mkunga anabonyeza swichi ya chumba cha kujifungulia, taa haiwaki. Fundi anaitwa, anaweka mita kwenye vichwa vya betri, nayo inasoma volti 0. Kwa betri ya asidi, kipimo cha namna hiyo ni hukumu ya kifo. Kwa hiyo fundi anatangaza kuwa betri imekufa, na zahanati inaanza kutafuta fedha za kununua nyingine.

Hapo ndipo kosa lilipo. Ndani ya kasha la betri ya volti 12 ya aina ya lithiamu, chuma na fosfati mna seli nne zilizofungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.2 hivi. (Upande hasi wa seli hizo hujengwa kwa grafiti, madini yanayopatikana pia Mahenge, katika Mkoa huo huo wa Morogoro.) Pamoja na seli hizo mna saketi ya ulinzi, ambayo ni sawa na bawabu. Seli yoyote ikishuka hadi volti 2.5 hivi, bawabu hufunga mlango ili seli isiharibike. Mita iliyowekwa nje haizioni seli. Inauona mlango uliofungwa.

Yafaa kuuliza ni nani aliyeimaliza betri iwapo taa zilizimwa mapema. Mara nyingi ni inveta. Chombo hicho, kikiachwa kimewashwa bila mzigo wowote, chaweza kula wati 10. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 240. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280 tu. Basi katika siku tano na ushei imekwisha, endapo ukungu umezuia paneli kurudisha chochote cha maana. Isitoshe, inveta kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo kidhibiti chaji hakina uwezo wa kuikata.

Siku ya nane jua linatoka, na bado hakuna kitu. Sababu yake ni kwamba vidhibiti vingi huhitaji kwanza kuiona volti ya betri ndipo vianze kazi. Betri inasubiri chaji ili ifungue mlango, kidhibiti kinasubiri mlango ufunguliwe ili kitoe chaji. Kila kimoja ni kizima, na vyote viwili vimekaa kimya.

Kabla ya kuukata mzunguko huo, hapana budi mambo madogo yatazamwe kwanza: swichi kuu, fyuzi, na kokwa za vichwa vya betri, ambazo hulegea. Kisha mizigo yote itolewe, inveta ikiwa ya kwanza. Dawa iliyo bora ni chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha betri iliyojifunga. Pasipo chaja hiyo, betri nzima ya volti 12 yaweza kuunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa kupitia taa ya breki ya gari ya wati 21. Taa hiyo hupitisha chini ya ampea 2 hata ikipewa volti 12 zote, kwa hiyo mkondo hauwezi kuja kwa kishindo. Volti ikipanda na kutulia juu ya 10, mlango umefunguka. Kidhibiti kitaiona betri, na jua litaendelea na kazi.

Lakini kuna betri isiyopaswa kuamshwa. Seli iliyokaa miezi karibu na volti 0 huyeyusha shaba iliyo ndani yake. Ikichajiwa tena, shaba hiyo hurudi kama vijisindano vinavyoweza kutoboa na kuunganisha pande mbili za seli. Kasha likivimba, likipata joto, au volti ikikataa kupanda baada ya nusu saa, kazi isimame na betri itolewe nje ya jengo. Wapo wanaofungua kasha na kumruka bawabu kwa kipande cha waya. Huo si ufundi.

Barani Ulaya (si kile kijiji cha Kilosa) betri hujifunga pia kwa baridi, maana haifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Kwa asubuhi za Vidunda sababu hiyo yaweza kuachwa. Ile inayostahili kukumbukwa ni inveta yenyewe: inapounganishwa, kapasita zake humeza mkondo mkubwa kwa mara moja, na bawabu akidhani waya zimegusana hufunga tena. Kuzijaza kwanza polepole kupitia taa ile ile ya breki huondoa tatizo.

Baada ya betri kuamka, kidhibiti kiwekwe kwenye mpango wa lithiamu, kisipite volti 14.6 wakati wa kuchaji, na kikate mizigo volti ikifika 12. Inveta ifungiwe swichi yake, karibu na mlango, mahali ambapo mkunga wa zamu ataifikia anapotoka.