Kliniki ya meno: Mambo ya kukagua kabla ya kufungua kinywa

WATU wengi humwendea tabibu wa meno wakati maumivu yamekwisha kuwanyima usingizi. Kufikia hapo, jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi huwa limeoza hadi kwenye neva, na aghalabu hapana budi ila kuling'oa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulibainisha kuwa takriban asilimia 34 ya watu wazima nchini walikuwa na meno yaliyooza, ilhali asilimia 98 walitokwa na damu kwenye ufizi. Mbali na gharama, kikwazo kikubwa ni woga wa sindano, na woga wenyewe ndio huzidisha uchungu unaoogopwa.

Sababu ni hii: dawa ya ganzi hufanya kazi vyema katika nyama yenye afya. Penye usaha huwa na asidi, nayo asidi hupunguza nguvu za dawa hiyo. Anayefika mapema hufa ganzi sawasawa; anayechelewa huenda akahisi koleo.

Tabibu mwangalifu hupaka kwanza dawa ya kufisha ufizi, kisha huingiza sindano polepole. Halafu husubiri dakika kadhaa na kupima iwapo ganzi imeshika. Ni vyema kuafikiana naye mapema kwamba ukiinua mkono, atasita. Mgonjwa anayejua kuwa ana uwezo wa kusimamisha kazi hutulia zaidi.

Usalama nao hauonekani kwa macho, lakini dalili zake huonekana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Kwa hivyo, kupangusa koleo kwa spiriti hakutoshi. Vifaa vya chuma sharti visafishwe, vifungwe kwenye pakiti, na vitiwe katika mtambo wa mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa muda mfupi zaidi.

Kabla ya kuketi, angalia haya:

- Je, pakiti ya vifaa inafunguliwa mbele yako?

- Je, sindano na kichupa cha ganzi ni vipya? Havifai kutumiwa kwa mgonjwa wa pili.

- Je, mhudumu amenawa mikono na kuvaa glavu mpya pamoja na barakoa?

- Je, kibali cha Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno Nchini (KMPDC) kimebandikwa ukutani?

Kuuliza maswali haya si utovu wa adabu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa.

Mgonjwa pia ana wajibu. Mweleze tabibu iwapo una ujauzito, kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, iwapo unameza dawa za kupunguza kuganda kwa damu, au iwapo kuna dawa inayokudhuru.

Baada ya kung'olewa jino, uma pamba kwa takriban nusu saa. Usisukutue kwa nguvu wala kuvuta sigara siku hiyo, maadamu bonge la damu lililoziba pengo ndilo linalolinda mfupa. Uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukiwa kugumu, kimbilia hospitali bila kusubiri kuche. Maambukizi ya jino yanaweza kuua.

Wazazi nao waache kuwatisha watoto kwa kumtaja daktari wa meno kama adhabu. Mtoto afikishwe kliniki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ili akizoee kiti angali hana maumivu. Isitoshe, kuwang'oa watoto wachanga yale yaitwayo "meno ya plastiki" ni hatari: hayo ni machipukizi ya meno ya kawaida, na majeraha yake huweza kuingia viini vinavyoua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, tena wakaonya kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Tundu dogo lizibwe lingali dogo.