Kambi Zisizo na Uzio: Kazi na Wanyama Kando ya Mto Rufiji

Nchini Afrika Kusini shamba la wanyamapori huzungushiwa uzio, na mwenye ardhi huwa ndiye mwenye wanyama waliomo. Tanzania wanyamapori ni mali ya taifa, na kambi za kitalii zilizotapakaa kati ya kijiji cha Mloka na maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa kawaida hazina uzio. Tembo hupita katikati ya mahema, viboko hupanda ukingo usiku kula nyasi, na nyani huamka pamoja na wapishi. Ndiyo maana ratiba ya kazi kambini, tangu jiko linapowashwa alfajiri hadi mgeni anaposindikizwa hemani, hufuata zaidi tabia za wanyama kuliko matakwa ya meneja.

Hifadhi hiyo, yenye kilomita za mraba 30,893, ilitangazwa mwaka 2019 kwa kumega sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous, ambalo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Lango lake la mashariki, Mtemere, linapakana na Mloka. Mahitaji ya kambi hupitia Kibiti, mji ulio kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Hapo gari la kambi hujaza dizeli, mitungi ya gesi, mchele na nyanya, kisha huiacha lami na kushika njia ya magharibi kupitia Mkongo. Mto wenyewe unaelekea upande wa pili, kwenye delta, ambako kuna msitu mkubwa wa mikoko wa takriban hekta 53,000. Boriti za mkandaa na mkoko zinapendwa na wajenzi kwa sababu ni ngumu na haziliwi upesi na mchwa. Zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, na leo hazikatwi bila kibali.

Kazi huanza saa 11 alfajiri. Mpishi anayetoka nje kwenda kuwasha moto humulika kwanza njia yote kwa tochi, hasa upande wa mto, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo viboko wanarudi majini. Kiboko mzima hula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Mchana hujichimbia majini kwa sababu ngozi yake hupoteza maji haraka juani. Akiwa nchi kavu usalama wake ni mto, na anayesimama kati yake na mto hugeuka adui. Kwa hiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa mfanyakazi mpya ni kutotembea ukingoni gizani, hata kama ndiyo njia fupi ya kufika stoo.

Safari ya boti hutoka asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Nahodha wa Rufiji anajua kwamba viboko hupenda maji ya kina cha kuwawezesha kusimama, huku pua na macho vikiwa juu. Kwa sababu hiyo huendesha boti kwenye mkondo wenye kina kirefu na kuwapisha palipo na kina kifupi. Anapokaribia kundi hupunguza mwendo na kugonga ubavu wa boti. Viboko waliozama, ambao huweza kukaa chini kama dakika tano, huibuka kuangalia, na nahodha huwahesabu kabla ya kupita. Akiona mapovu yanasogea kuelekea boti, huongeza kasi bila kungoja kujua ni nini. Mamba waliolala mchangani midomo wazi hawajiandai kumrukia mtu. Mamba hapati joto lake la mwili kutoka ndani, hivyo huota jua asubuhi, na kinywa kikiwa wazi joto likizidi hupungua kupitia utando laini wa ndani.

Kuanzia saa 4 joto hushika. Wanyama hujificha kivulini, wageni hulala, na kazi za ndani hufanyika. Ya dobi huonekana nyepesi kuliko zote, lakini afya ya kambi inaitegemea. Ukanda huu una nzi wa rangi ya manjano iliyofifia anayeitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga. Jike hutaga mayai kwenye mchanga uliolowa mkojo au kwenye nguo iliyoanikwa kivulini ikiwa bado mbichi. Buu huanguliwa baada ya siku chache na linaweza kusubiri wiki nzima au zaidi. Likigusana na ngozi ya mtu hupenya bila kuuma, kisha uvimbe hutokea kama jipu, wenye tundu dogo katikati ambalo buu hupumulia. Dawa ya kuzuia ni pasi. Pasi ya umeme hula umeme mwingi kuliko sola za kambi nyingi zinavyoweza kutoa, kwa hiyo hutumika ya mkaa. Dobi hodari hukaza pasi kwenye pindo, mishono na kiuno cha suruali, sehemu ambazo unyevu hukawia kukauka, na hapigi uso wa nguo peke yake. Hupiga pasi soksi na taulo pia. Mgeni anaweza kudhani ni mbwembwe za huduma, kumbe ni kinga ya ngozi yake.

Dereva naye ana mdudu wake, ndorobo. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea na huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana sare za kambi ni za kaki na mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Uzazi wake ni wa ajabu miongoni mwa wadudu: jike hatagi mayai, hulea buu moja tumboni kwa maziwa maalumu na kulizaa kila baada ya siku tisa au kumi. Spishi inayozaa polepole hivyo inaweza kupungua upesi mitego ikitegwa vizuri. Hata hivyo, ni ndorobo aliyelinda pori hili. Nagana, ugonjwa wa mifugo anaoueneza, iliwazuia wafugaji, na hofu ya malale, ugonjwa anaowaambukiza watu, ilikuwa miongoni mwa sababu za serikali ya kikoloni kuwahamisha watu kutoka maeneo makubwa ya Selous.

Alasiri ni zamu ya matembezi ya miguu. Wageni hutembea kwa mstari mmoja nyuma ya askari mwenye bunduki, bila kupiga soga. Mwongozaji huwa na kimfuko cha majivu. Hukitikisa, hutazama vumbi linakoelekea, kisha hubadilisha njia ili upepo utoke kwa mnyama kuja kwa watu. Tembo haoni vizuri mbali, lakini pua yake hutambua harufu ya binadamu kabla macho hayajamwona. Tembo wa Rufiji pia wana sababu ya kuogopa harufu hiyo: hesabu ya mwaka 1976 ilikadiria tembo 109,000 katika mfumo wa Selous na Mikumi, na mwaka 2013 walibaki 13,084, wengi wakiwa wameuawa na majangili.

Giza likiingia, hakuna mgeni anayekwenda hemani peke yake. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji. Dume mmoja aliyepigwa risasi Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego, na wengi waliamini maumivu ndiyo yaliyomfanya atafute mawindo rahisi. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, uliochapishwa mwaka 2005, ulitoa picha pana zaidi. Tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563, na mashambulizi yalikuwa mengi pale nguruwe pori walipokuwa wengi. Nguruwe huvamia mazao, mkulima huhamia shambani kulala kwenye dungu ili kuyalinda, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mkulima. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi jioni, kabla ya saa 4 usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na simba wana njaa baada ya usiku wenye mwanga uliowanyima mawindo. Saa hizo ndizo za chakula cha jioni kambini, na ndizo saa ambazo askari wa zamu hawakai chini.

Mvua za masika hubadilisha kila kitu. Udongo mweusi hunasa magari, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei. Wafanyakazi wengi wa vijiji vya jirani hurudi mashambani, baadhi yao kulala kwenye madungu yaleyale. Kambi zinapokaribia kufunguliwa tena, manahodha huingia mtoni na upondo kupima kina, kwa sababu mafuriko huhamisha mafungu ya mchanga na njia ya mwaka jana huenda imezibwa.

Tangu Desemba 2022, maji yalipoanza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kupanda na kushuka kwa mto hakutegemei mvua peke yake. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na nahodha wa Mloka sasa analazimika kufuatilia taarifa za kufunguliwa kwa milango ya bwawa pamoja na mawingu. Maziwa kama Tagalala na Manze, yanayowavuta wanyama na watalii, hujazwa na mto unapofurika. Mikoko ya delta nayo hujengwa na tope ambalo mto hulishusha kutoka nyanda za juu, na sehemu ya tope hilo sasa hutuama nyuma ya ukuta wa bwawa kabla ya kufika baharini.