Waya Mmoja kati ya Redio na Kompyuta

Redio ya masafa mafupi ikiwekwa kwenye 14074 kHz wakati wa mchana, kinachotoka kwenye spika si maneno wala muziki. Ni miluzi. Miluzi myembamba kumi, ishirini, hata hamsini, inaanza kwa pamoja, inalia kwa sekunde 12 na ushei, inanyamaza yote kwa mpigo mmoja, kisha inaanza upya. Asiyeijua hupita haraka kutafuta stesheni nyingine. Kumbe nyuma ya kila mluzi kuna mtu aliyeketi mahali fulani duniani, anataja alama yake ya wito na mahali alipo, na kinachokosekana ili asomeke ni waya wa kuipeleka sauti hiyo kwenye kompyuta.

Lugha ya miluzi hiyo inaitwa FT8. Walioiunda ni Wamarekani wawili wapenzi wa redio ya ridhaa, Steve Franke na Joe Taylor, wakaitoa mwaka 2017. F na T ni herufi za majina yao. 8 ni idadi ya toni zinazotumika. Taylor ni yule mwanafizikia aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa kugundua pulsa, yaani nyota inayotoa mapigo ya redio, inayozungukana na nyota nyingine. Mtu aliyezoea kuchambua mapigo hafifu ya nyota kutoka kwenye kelele za anga alijua vizuri namna ya kuuokota mluzi ambao sikio haliusikii kabisa.

Siri iko kwenye ubahili. Ujumbe mmoja wa FT8 una biti 77 tu. Zinaongezwa biti 14 za kuhakiki na 83 za kusahihisha makosa, jumla 174. Yaani zaidi ya nusu ya mzigo ni bima ya ujumbe, si ujumbe wenyewe. Kila toni hudumu sekunde 0.16, na toni 79 humaliza kazi kwa sekunde 12.64. Upana wote ni Hz 50. Ndiyo maana stesheni kadhaa hutosha katika nafasi ambayo mtu mmoja anayezungumza angeijaza peke yake, na programu huzisoma zote kwa wakati mmoja.

Redio inayofaa ni yenye SSB, yaani uwezo wa kupokea upande mmoja tu wa wimbi. Redio nyingi ndogo za sokoni hupokea masafa mafupi lakini hazina kitu hicho, na hizo, hata zikiwa hodari kwa taarifa ya habari, hapa hazisaidii. Kwenye redio yenye SSB huchaguliwa USB, herufi ambazo hapa humaanisha upande wa juu wa wimbi na hazihusiani na tundu la USB la kompyuta. Programu maarufu zaidi, WSJT-X, hutolewa bure.

Wengi hukwama kwenye jeki. Ukiishika jeki ya milimita 3.5 karibu na macho, utaona mikanda myembamba myeusi inayotenganisha sehemu za chuma. Mikanda miwili ni jeki ya kawaida ya stirio. Mitatu ni ile ya simu, yenye maikrofoni ndani yake. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la mikanda mitatu, na likichomekwa waya wa kawaida kutoka redioni, kompyuta hudhani ni spika za masikioni. Sauti haiingii, na mwenye redio hulaumu programu. Dawa ni kigawanyo kinachotenga njia ya maikrofoni, au kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB, ambayo ni rahisi na huondoa ubishi wote.

Kosa linalofuata ni sauti kubwa. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa milivolti chache, na redio iliyofunguliwa nusu tu hulizamisha. Mluzi wa Hz 700 ukiingia kwa nguvu kupita kiasi, kwenye skrini huonekana tena kwenye 1400 na 2100, vivuli vya mtu mmoja. WSJT-X ina mstari wa kupimia unaopanda na kushuka kama kipimajoto: pakiwa hakuna mluzi, ila mvumo wa kawaida wa antena, usome karibu desibeli 30. Hapo sauti ya redio huwa ndogo kuliko wengi wanavyotarajia. Na jambo moja husahaulika mno: kompyuta nyingi husafisha sauti ya maikrofoni zenyewe, zikifuta kila kisichofanana na maneno ya binadamu. Miluzi ndiyo ya kwanza kufutwa. Mpangilio huo uzimwe kabla ya lolote.

Kisha kuna kelele za nyumbani. Chaja ya kompyuta ni mtambo mdogo wa kutoa takataka za redio. Jaribio lake halina gharama: chomoa chaja, iache kompyuta itumie betri, tazama skrini. Mistari iliyosimama wima kama nondo ikitoweka, mkosaji amejulikana. Taa za LED hufanya vivyo hivyo. Waya wa mita kumi uliotandazwa nje, mbali na nyaya za umeme, hushinda antena ya kuchomoza ya redio kwa mbali sana. Msimu wa radi uchomolewe.

Saa nayo. Stesheni zote hufuata vipindi vya sekunde 15, na kompyuta iliyokosea saa kwa sekunde mbili tatu inaweza kuonyesha miluzi mizuri huku isisome hata herufi moja.

Yote yakikaa sawa, mwishoni mwa kila kipindi mistari ya maandishi hushuka. Mwanzo wa alama ya wito hutaja nchi: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, A4 Oman. Nyuma ya alama hiyo kuna herufi mbili na tarakimu mbili za mraba wa ramani: KI93 hubeba Dar es Salaam na mji wa Unguja pamoja, KI95 Mombasa, KI88 Nairobi. Mwanzoni mwa mstari kuna desibeli, na zikifika –21 ujue mtu huyo yuko ndani kabisa ya kelele, sikio lisingemjua. Kusikiliza ni hatua ya kwanza. Anayetaka kujibu huhitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake.

Usiku ukiingia na 14074 ikanyamaza, waya na programu hubaki vilevile. Redio huhamishiwa 7074, sauti ikapunguzwa tena hadi desibeli 30, na miluzi huanza upya.