Baridi ya Kisii na Nyumba Isiyoshika Joto

Sisi watu wa mwambao tunapojenga nyumba, jambo la kwanza tunalolifikiria ni upepo utaingilia wapi. Kuta nene za matumbawe, dari ya boriti, dirisha mkabala na dirisha: zote hizo ni hila za kulifukuza joto. Sasa mchukue kijana aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo, umpeleke Chuo Kikuu cha Kisii kusoma, au umpe kazi ya ualimu huko Nyamira, akapange chumba katika nyumba kongwe ya mabati. Usiku wa kwanza ataona ni mchezo. Usiku wa tatu atapiga simu kwao kuomba blanketi.

Wala si deko. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira zimepanda kupita hapo. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Ikweta iko karibu, lakini urefu wa milima umeishinda. Mvua nayo hainyeshi kwa msimu kama ya kwetu, hunyesha karibu mwaka mzima. Nguo hazikauki, na alfajiri maji ya udhu huuma vidole.

Wagusii walikuwa na dawa yao ya zamani. Nyumba ilikuwa ya mviringo, ya fito na udongo, paa lake la nyasi, na moto ukiwaka ndani. Moshi ulipenya polepole katika nyasi na kutoka, huku ukikausha nafaka na kufukuza wadudu. Joto lilibaki, kwa kuwa nyasi nene ni kama blanketi. Jiwe la meko kwa Kigusii huitwa riiga, na yakiwa mengi ni amaiga. Msomaji atasikia mara moja kwamba ni ndugu wa figa na mafiga yetu. Tena riiga si jiwe peke yake. Ni jina pia la tawi la ukoo, yaani watu waliotokana na meko moja. Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi nyumba ile, kwani moshi wake uliwaharibia kina mama macho na vifua.

Kisha likaja bati. Bati lina heshima yake: halili mchwa wala halidai nyasi mpya kila baada ya miaka michache. Lakini halizuii joto hata kidogo. Joto la jiko hupanda juu, likigusa bati limekwisha. Aghlabu nyumba hizo za zamani hazina dari, na kati ya ukuta na paa pana mwanya ambao upepo wa usiku huingia bila hodi.

Hapo ndipo watu walipoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na kuziba mianya kwa matambara. Makaa yakishakolea hayatoi moshi, na mtu hudhani hatari imekwisha, kumbe ndiyo imeanza. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja mzito, na aliyelala haamki. Kila msimu wa baridi watu hufa hivyo katika nyanda za juu za Kenya, na mara nyingi ni jamaa nzima katika chumba kimoja. Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Basi mzazi wa Lamu au Mombasa asimwambie mwanawe akoke makaa chumbani, na akisikia amefanya hivyo, amkataze siku hiyo hiyo.

Ulaya na Marekani, penye nyumba kongwe zinazovuja upepo vivyo hivyo, wengi wametia jiko la vidonge. Vidonge hivyo ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu, kila kimoja unene wake milimita 6 hadi 8. Huwekwa katika sanduku, parafujo ikavisukuma kidogo kidogo motoni, feni ikapuliza joto chumbani, na hewa chafu ikatolewa nje kwa bomba. Kinacholaza watu salama ni hilo bomba, na moto wenyewe kufungiwa ndani ya chuma.

Je, litafaa Ugusii? Malighafi si taabu. Mikaratusi imejaa vilimani, viwanda vya mbao vinatupa vumbi na maranda, na Awendo hapo chini kuna makapi ya miwa. Taabu ni umeme. Parafujo na feni huendeshwa na stima, na ikikatika usiku, jiko huzimika. Bei ya jiko lenyewe nayo si ya mwalimu.

Kwa maoni yangu tuliache sanduku na parafujo, tuchukue bomba. Jiko la kuni la matofali na udongo, lenye mlango mdogo na bomba la kutokea moshi, fundi wa kijijini analiweza. Kabla yake atiwe seremala apige dari, kwani bila dari hata jiko la Ulaya litapasha mawingu. Mwanya wa juu uzibwe, na tundu dogo la hewa liachwe karibu na jiko.

Kule Ufini, nchi ya theluji, majiko hujengwa kwa jiwe laini linaloshika joto saa nyingi baada ya moto kuzimwa. Tabaka, katika Kisii, jiwe laini huchongwa vinyago na sahani za kuuzia watalii. Mawe hayako sawa, na la Tabaka lapaswa kujaribiwa motoni kwanza kabla ya mtu kuligharimia, lakini wachongaji wapo na nyundo zao zipo. Bomba nalo lipite juu ya mgongo wa paa, lisiguse ubao popote, na livishwe kofia ya bati, maana Nyamira mvua haichelewi.