Jina safi ndilo mtaji wa kwanza wa mbio za baiskeli

Kuanzia Septemba 21 hadi 28, 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio kuu ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5, na milima yake yote ikijumlishwa inazidi mita 5,400 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, akifuatwa na Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Ben Healy wa Ireland. Mwafrika hakupanda jukwaani.

Kwetu Kivu Kaskazini mashindano hayo yalikuja na uchungu. Mji wa Kanyabayonga ulitekwa na waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, mwishoni mwa Juni 2024, Goma ikafuata Januari 2025, na mwezi uliofuata Bunge la Ulaya likaitaka UCI, shirikisho la dunia la mchezo huu, iinyang'anye Kigali uenyeji. UCI ilikataa. Uchungu huo ni halali. Hata hivyo biashara ya mbio za baiskeli imeshafika mlangoni petu, na anayetaka kuingia humo siku moja sharti ajue fedha zake zinatoka wapi na zinakimbia kwa sababu gani.

Mpira wa miguu una uwanja na tiketi. Mbio za barabarani hupita mbele ya nyumba za watu, na mtazamaji halipi hata senti. Timu huishi kwa mdhamini anayelipa ili jina lake liandikwe kifuani mwa mwendeshaji. Zawadi zenyewe si nyingi: mshindi wa Tour de France hupata euro 500,000, wa pili 200,000, wa tatu 100,000, na kwa desturi hugawana na wenzake wa timu. Mdhamini akiondoka, timu inaweza kufa. Mwaka 2025 Arkéa-B&B Hotels ya Ufaransa ilifunga milango, na Intermarché-Wanty ya Ubelgiji ikalazimika kuungana na Lotto. Intermarché ndiyo timu iliyompeleka Biniam Girmay, kijana wa Asmara, kushinda hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, jambo ambalo hakuna Mwafrika mweusi aliyelifanya kabla yake.

Kinachomfukuza mdhamini haraka kuliko kushindwa ni dawa za kusisimua misuli. Mwaka 1998 mchuaji wa timu ya Festina alikamatwa mpakani na shehena ya dawa, na timu nzima ikatolewa kwenye Tour. T-Mobile ya Ujerumani ilijitoa Novemba 2007. Rabobank ya Uholanzi, iliyokuwa imedhamini tangu 1996, iliondoka Oktoba 2012, siku chache baada ya shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo kutoa ripoti juu ya Lance Armstrong, aliyevuliwa mataji yake saba ya Tour de France. Armstrong mwenyewe alikuja kuilipa serikali ya Marekani, ambayo posta yake ilidhamini timu yake, dola milioni 5 mwaka 2018. Waliofuata sheria ndani ya timu hizo walipoteza mdhamini pamoja na wakosaji.

Shaka haijaisha. Mwaka 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille, Pogačar alivunja rekodi ya Mwitaliano Marco Pantani ya 1998 kwa zaidi ya dakika 3, na Pantani alitoka katika zama zilizochafuka kwa EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Pogačar hajawahi kupatikana na hatia yoyote. Wanaomtetea hutaja baiskeli nyepesi, matairi bora na lishe iliyopimwa kwa gramu. Lakini mchezo uliodanganya umma miaka mingi hauaminiwi kwa neno tu. Ndiyo maana Februari 2025 UCI ilipiga marufuku kuvuta mara kwa mara hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo huushawishi mwili utengeneze damu zaidi. Ni hewa ileile inayoua familia zinazolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa.

Hapa ndipo wakazi wa milimani tunapoguswa moja kwa moja. Anayeishi juu, kwenye hewa nyembamba, kwa kawaida ana chembe nyekundu nyingi za damu. Mwaka 1997 UCI iliweka kikomo kimoja kwa wanaume wote: chembe hizo zisizidi asilimia 50 ya damu. Kipimo kama hicho humweka mtu wa milimani karibu na shaka hata kama hajameza kitu. Pasipoti ya damu, iliyoanza 2008, ni ya haki zaidi, kwa sababu inamlinganisha mwendeshaji na vipimo vyake mwenyewe vya miaka iliyopita. Inamlinda aliyepimwa mapema. Asiye na historia hana cha kumtetea.

Na kupima kunagharimu. Damu ya pasipoti lazima ifike maabara ikiwa baridi na kwa muda mfupi. Kenya ilipata maabara ya kazi hiyo Nairobi mwaka 2018. Hata hivyo kashfa za wanariadha wake ziliendelea, hadi mwishoni mwa 2022 serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili nchi isifungiwe. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, alifungiwa miaka mitatu. Kusafisha jina ni ghali kuliko kulitunza.

Nguvu za miguu hazijawahi kutupungukia. Kwenye kona za mteremko kati ya Kanyabayonga na bonde la Rwindi, baiskeli imekuwa ya mizigo kabla ya kuwa ya michezo: gunia limefungwa kwa mpira nyuma, mwenyewe anasukuma kwa bega akipanda, na akishuka anasaidia breki kwa soli ya kiatu. Lakini nguvu pekee haifikishi jukwaani. Wanyarwanda walishinda Tour du Rwanda miaka mitano mfululizo, 2014 hadi 2018. Mashindano yalipopandishwa daraja 2019 na timu kubwa zikaja, taji likawatoka, na hadi 2025 halikuwa limerudi.

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wamejenga miji yao kwa kahawa, kakao na bidhaa za ng'ambo, mara nyingi bila kuisubiri Kinshasa. Amani ikirudi barabarani na mmoja wao akiamua kudhamini klabu ya vijana, mkataba wake wa kwanza utaje daktari anayejitegemea, vipimo vya damu vya kila mwaka, na kufukuzwa kwa yeyote atakayemletea kijana sindano. Jezi na baiskeli za kaboni zije baada ya hapo.